Usiwatupie Mbwa: Namna ya Kuotesha Seli Shina za Mbegu za Ndama Dume, kwa Anayeanzia Ufipa

Ndama dume anapohasiwa kwa kisu huku Ufipa, korodani zake huishia kwa mbwa, au kwenye makaa ya watoto wachungaji. Nimeliona hilo tangu utotoni na sikulitilia maanani hata siku moja, mpaka nilipokalia hadubini. Ndani ya korodani ya ndama ambaye hajabalehe zimo seli chache sana ambazo, lau angeachwa akue, zingemtengenezea mbegu kila siku mpaka uzeeni. Hizo ndizo seli shina za mbegu. Zikitolewa zikiwa hai na kulishwa inavyotakiwa, hugawanyika nje ya mwili wake. Zikigandishwa, hukaa miaka. Zikipandikizwa katika korodani za dume mwingine aliyeandaliwa kuzipokea, dume huyo anaweza kuzaa watoto wa yule ndama aliyehasiwa.

Mwongozo huu nimekuandikia wewe uliyesomea mifugo, baiolojia au kazi za maabara, na sasa upo Sumbawanga, Laela, Matai au Namanyere ukidhani sayansi ya namna hii ni ya ng'ambo tu. Kweli, sehemu kubwa ya kazi hufanyika maabara. Lakini sehemu inayoharibika upesi zaidi hufanyika zizini, katika saa za kwanza, na hiyo hakuna mtu wa Kyoto wala wa Nairobi atakayekufanyia.

Ng'ombe wa asili wa nyanda hizi ni mdogo, ana nundu, na mnadani havuti macho. Lakini ndiye aliyevuta jembe la Ufipa katika baridi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, akila nyasi ngumu za kiangazi bila pumba wala mashudu. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Kisukuma wamekuwa wakihamia Rukwa na makundi yao, Boran wameingia, uhimilishaji nao umeleta damu ya ng'ombe wa maziwa. Hakuna aliyekosa katika hayo. Mfugaji anatafuta maziwa na uzito, na ana haki. Ila maziwa yakishatiwa kwenye chai hayatenganishiki tena, na fahali wa asili akihasiwa kabla ya kuacha mtoto, ukoo wake wa kiumeni umekatika.

Sayansi imefika wapi

Mwaka 1994 Ralph Brinster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichukua seli za korodani za panya mmoja wakazipandikiza katika korodani za panya mwingine asiye na mbegu, na huyo wa pili akazaa watoto wa yule wa kwanza. Mwaka 2003 Mito Kanatsu-Shinohara na wenzake huko Kyoto, Japani, walizilisha seli za panya wachanga kwa protini iitwayo GDNF, ambayo mwilini hutolewa na seli za Sertoli zinazoilea mbegu, pamoja na vichocheo vingine vya ukuaji. Seli ziliongezeka miezi mitano mfululizo. Mwaka 2005 wakaonyesha kwamba zinaweza kuoteshwa kwa miaka miwili na bado zikatoa mbegu zenye kuzaa.

Panya si ng'ombe. Mwaka 2016 kundi la Jon Oatley, Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, lilieleza namna ya kuzitunza seli za ndama nje ya mwili: angalau miezi miwili zikiwa pamoja na seli walezi, na angalau mwezi mmoja bila walezi hao, zikilishwa majimaji ambamo walezi walikuwa wamekaa. Miezi miwili ni hatua kubwa, lakini si miaka miwili. Anayekuahidi kwamba ataziotesha seli za fahali wako mwaka baada ya mwaka, mwombe kwanza akuonyeshe alizonazo.

Ndiyo maana nakwambia tangu sasa: kwa ng'ombe wa Ufipa, kugandisha kunatangulia kuotesha. Mwaka 2022 maabara ya Brinster ilieleza habari za seli za panya zilizogandishwa zaidi ya miaka 23. Zilipoyeyushwa na kupandikizwa, zilitengeneza mbegu tena, ingawa pungufu kuliko seli mbichi. Ukiotesha leo kwa ujuzi nusu, utazipoteza. Ukigandisha leo kwa ujuzi kamili, mwanao anaweza kuja kuziotesha.

Zizini

Chagua ndama wa miezi mitatu hadi sita. Akishabalehe, seli unazozitaka hufunikwa na wingi wa seli nyingine zinazoelekea kuwa mbegu, na kuzitafuta ni sawa na kutafuta punje ya ulezi kwenye gunia la mahindi. Kwa panya mzima, wataalamu wamekadiria kuwa ni kama 3 katika kila seli 10,000 za korodani. Kwa ndama uwiano ni mzuri zaidi, kwa sababu tu hizo nyingine hazijazaliwa.

Hapa utagongana na mwenye ng'ombe. Anayetarajia maksai hapendi kuhasi mapema. Anataka dume ajaze shingo na nundu kwanza, ndipo ahasiwe na kufungwa nira. Ana sababu nzuri, usimbishie. Mwombe korodani moja tu. Ile inayobaki itaendelea kutoa homoni, ndama atakua na mwili wake wa dume, na siku ya kuhasiwa itolewe hiyo ya pili. Nimeona wazee waliokataa katakata ombi la kwanza wakikubali hili la pili kabla chai haijapoa.

Kaa na mzee huyo muda mrefu kuliko utakaokaa na ndama. Muulize mama wa ndama ni yupi, na mama yake je. Ng'ombe wa ukoo huo waliingia zizini kwa kununuliwa, kwa urithi au kwa mahari, na mahari hiyo ilitoka kijiji gani. Wazee wengi wa Ufipa wanakumbuka ng'ombe wa mahari kama wanavyokumbuka wajukuu. Hakuna mashine ya maabara itakayokupa habari hizo, na bila hizo utakuwa umehifadhi seli za ng'ombe yeyote tu.

Koleo la kuhasi, burdizo, halifai hapa. Linaponda mishipa ya damu na korodani hufia ndani ya pumbu. Kwa mfugaji ni chombo kizuri, maana hakiachi kidonda, lakini wewe hakikuachii kitu mkononi. Unahitaji upasuaji: daktari wa mifugo, ganzi, kisu safi, na uangalizi wa kidonda siku zinazofuata. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na hata isingekuwepo, ndama huyu anakupa kitu kikubwa, asiteswe. Pata idhini ya mmiliki kwa maandishi. Ikiwa kazi ni ya utafiti, pitia kwa afisa mifugo wa halmashauri na uombe kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kabla ya kushika kisu, si baada yake.

Korodani ikitoka, usiipasue. Iache ndani ya gamba lake jeupe, maana gamba hilo ndilo ukuta kati ya seli na uchafu wa zizi. Isuuze mara mbili au tatu kwa maji safi ya chumvi ya drip yaliyotiwa antibayotiki, iweke kwenye chupa safi yenye maji hayo hayo yaliyopoa, kisha weka chupa ndani ya deli lenye barafu. Funga barafu kwa gazeti au kitambaa ili isigusane na chupa. Unataka nyuzi joto 4, na usiruhusu igande. Kuganda ovyo, bila dawa ya kuilinda, kunapasua seli kama maji yanavyopasua chupa ya soda iliyosahaulika kwenye friza. Andika saa ambayo korodani ilitolewa, na hesabu saa 24 kutoka hapo.

Saa 24 si nyingi. Ukitoa korodani ya ndama kule Mtowisa, bonde la Ziwa Rukwa, joto la bondeni litakula barafu yako kabla hujamaliza kupanda Lyamba lya Mfipa. Beba barafu mara mbili ya unayodhani inatosha. Kutoka Sumbawanga mjini, lami ya kwenda Tunduma na Mbeya imerahisisha mambo, lakini Morogoro kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine au Arusha kwenye Taasisi ya Nelson Mandela bado ni mbali kwa deli la barafu. Kwa hiyo panga kugandisha vipande hapa hapa mjini. Sumbawanga kuna kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari. Pita hapo uombe ushauri na ushirikiano kabla ya kununua hata chupa moja.

Maabara ya mwinuko

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Ukivifuata neno kwa neno Sumbawanga, vitakuponza katika mambo matatu, na ningependa mtu angeniambia haya mapema.

La kwanza ni maji. Hapa yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Sufuria iliyo wazi haiui spora za bakteria hata Dar es Salaam, na kwetu ni hafifu zaidi. Vyombo vyote vya kuoteshea vipite kwenye otoklevu, ile sufuria ya mgandamizo.

La pili ni geji ya otoklevu hiyo. Unataka nyuzi 121 ndani yake. Pwani utazipata geji ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba. Kwetu hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji inatakiwa isome karibu na 18. Hakikisha kwanza mashine yako imeundwa kustahimili kiwango hicho, kisha amini kipimajoto kuliko geji, na tumia utepe unaobadilika rangi kuthibitisha.

La tatu ni gesi ya inkyubeta. Kiwango cha kawaida ni kaboni dioksaidi asilimia 5, lakini asilimia 5 ya hewa nyepesi ni gesi pungufu, na majimaji ya lishe yatapungua uchachu na kwenda upande wa magadi. Hapa weka karibu na asilimia 6 na utazame rangi. Majimaji yenye kiashirio yakiwa mekundu kama chungwa lililoiva, uko sawa. Yakigeuka zambarau, gesi haitoshi. Yakigeuka manjano, seli zimejaa mno au kuna mdudu ndani.

Kuotesha

Ukiwa na chumba safi, kabati la hewa iliyochujwa na mikono iliyofundishwa, kazi yenyewe inakwenda hivi. Ondoa gamba jeupe, toa nyama laini ya ndani, na uikatekate kwa mkasi mpaka iwe kama uji mzito. Uji huo ni vifereji vyembamba vilivyosokotana, na seli zako zimo ndani ya vifereji hivyo. Tia kimeng'enya cha kolajenesi ili kufumua nyama inayovishikilia, visuuze, kisha tia tripsini pamoja na kimeng'enya cha kukata DNA ili seli zitoke mojamoja. Hicho cha kukata DNA usikiruke. Seli zilizopasuka humwaga DNA inayonata kama mlenda, na mlenda huo utakunasia zote nzima.

Sasa una mchanganyiko, na zilizo nyingi si zako. Weka kwenye sahani ya kuoteshea kwa saa kadhaa au usiku mmoja. Seli za Sertoli na za nyama ya kawaida hushika sakafu ya sahani upesi, na seli shina huchelewa. Asubuhi vuta taratibu zile zinazoelea na zilizoshika kwa ulegevu, uzihamishie kwenye chombo kipya. Ni hila rahisi isiyohitaji mashine, na kwa maabara changa ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote.

Chombo hicho kipya kiwe na walezi wanaosubiri. Kundi la Oatley lilitumia fibroblasti za kijusi cha ng'ombe zilizozuiwa kugawanyika kwa dawa au mionzi, ili zilishe bila kujaza nyumba. Mkulima wa Ufipa hahitaji maelezo marefu hapa: anafukia majani kwenye tuta la mviringo ili yaoze yamlishe mmea utakaokuja, wala hatarajii majani yale yaote tena. Juu ya walezi weka majimaji ya lishe yasiyo na seramu nyingi, yenye GDNF. Seramu ikizidi, fibroblasti hufurahi na kutawala, na seli shina hunyongwa kama ulezi ndani ya magugu. GDNF ni ghali na huharibika ikiyeyushwa na kugandishwa mara kwa mara, kwa hiyo igawe kwenye vichupa vya matumizi ya mara moja siku ile ile inapofika.

Badilisha majimaji kila baada ya siku mbili au tatu. Seli zako zikistawi, utaona vikundi vya duara vilivyobanana, vimeketi juu ya walezi kama vichuguu vidogo. Vikikua, vitenganishe na uvihamishie kwa walezi wapya, kila wiki moja au zaidi kidogo kulingana na kasi yao. Kila unapohamisha, gandisha sehemu. Usikae hata wiki moja na seli zilizo hai tu bila akiba iliyogandishwa. Umeme ukikatika usiku wa manane, hutakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Adui wa kazi hii unayeweza kumwona ni ukungu na bakteria: majimaji huchafuka, unatupa, unaanza upya. Adui asiyeonekana ni mikoplasma, wa ukoo ule ule wa vijidudu unaoleta homa ya mapafu ya ng'ombe. Hachafui majimaji, haonekani kwa hadubini ya kawaida, na antibayotiki za jamii ya penisilini hazimgusi kwa sababu hana ukuta zinaoushambulia. Seli huendelea kuishi huku zimepooza. Nilipokuwa nafunzwa, katika maabara ambayo sitaitaja, tulilisha seli wiki saba tukijilaumu kwa lishe mbaya, na kumbe chupa ya kwanza kabisa ya walezi ilikuwa na mikoplasma. Tulichoma kila kitu. Pima walezi wako kwa PCR kabla hujawakabidhi seli za ndama, kisha urudie kila mwezi.

Kuna udanganyifu mwingine unaowapata waangalifu pia: chombo kimejaa seli nzuri zenye afya, lakini si seli shina. Fibroblasti huota popote. Kwa hiyo usihesabu seli tu, zitambue. Paka rangi ya kutafuta protini kama PLZF na UCHL1, ambazo kwa ng'ombe huonekana kwenye seli changa za mbegu. Hata hilo ni dalili, si ushahidi kamili. Ushahidi kamili ni kuzipandikiza na kuona mbegu. Seli za ng'ombe zikiwekwa kwenye korodani za panya huweza kukaa na hata kuongezeka, lakini hazifiki kuwa mbegu. Panya atakujulisha kwamba ziko hai na zimekumbuka mahali pa kuketi, basi.

Kugandisha

Kwa anayeanzia Sumbawanga, hili ndilo la kulifanya vizuri kuliko yote. Kata vipande vya korodani vya ukubwa wa punje ya mchele, au tumia seli zilizotenganishwa, uziweke kwenye vichupa vyenye majimaji ya lishe na DMSO asilimia 10. DMSO hulinda seli zikiwa baridi na huzidhuru zikiwa na joto, kwa hiyo kila kitu kiwe kimepoa kabla hujachanganya, na usizubae. Shusha baridi nyuzi moja kwa dakika hadi 80 chini ya sifuri, kwa kile kikasha chenye spiriti kinachowekwa ndani ya friza ya nyuzi hizo, kisha hamishia kwenye mtungi wa naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Friza ya dukani ya nyuzi 20 chini ya sifuri haitunzi seli hata ikiwa mpya. Humo zitakufa polepole, nawe utaendelea kulipa umeme.

Mtungi wa naitrojeni unapungua kila siku hata usipofunguliwa. Wahimilishaji wanalijua hili, na wana mitungi, wana ratiba ya kuijaza, wana uzoefu wa barabara zetu. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, kimekuwa kikigandisha na kusambaza mbegu za madume nchini kwa miaka mingi. Usijenge njia yako peke yako. Ungana na wahimilishaji, uombe nafasi ya vichupa vyako ndani ya mtungi wao. Na kila ukoo ugawe sehemu mbili, moja Rukwa na nyingine mkoa mwingine, ili mtungi mmoja ukikauka usizike ukoo mzima.

Zitakuja kufanya nini

Mwaka 2020 kundi la Oatley pamoja na wenzao, wakiwemo wa Taasisi ya Roslin, Uskoti, walitangaza madume wa panya, nguruwe, mbuzi na ng'ombe waliohaririwa jeni iitwayo NANOS2. Madume hao wana korodani nzima lakini hawana seli shina zao wenyewe, ni nyumba iliyo tayari kupokea wageni. Nguruwe na mbuzi waliopandikizwa seli za madume wengine walianza kutengeneza mbegu za wageni hao. Kwa mfugaji wa Kaengesa maana yake ingekuwa dume anayetembea na kundi porini, anayepanda mwenyewe bila mtungi wala mhimilishaji, huku akitoa mbegu za fahali aliyechaguliwa. Lakini dume wa namna hiyo ni mnyama aliyehaririwa jeni, na kumwingiza nchini ni jambo la sheria za usalama wa kibaiolojia na la mjadala wa wananchi wenyewe. Usimwahidi mfugaji dume huyo leo.

Kwamba seli za ng'ombe wetu wa Afrika Mashariki zinaweza kutunzwa na kurudi kuwa ng'ombe, hilo limekwisha kuonekana kwa njia nyingine. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, Nairobi, ilimpata fahali wa Boran wa Kenya kutokana na seli za kawaida zilizooteshwa maabara, ikamwita Tumaini. Taarifa yake ya kisayansi ilitoka mwaka 2016. Lengo la mbali la kazi hiyo lilikuwa ng'ombe wanaohimili nagana, ugonjwa wa ndorobo ambao majirani zetu wa Katavi wanaujua vizuri.

Usisahau pia kwamba seli shina za mbegu zinahifadhi upande wa dume tu. Korodani inahifadhi fahali. Ng'ombe jike wa Ufipa, na uvumilivu wake wa kiangazi, hayumo ndani ya vichupa vyako, na njia ya uhakika ya kumhifadhi bado ni kumwacha zizini kwa mfugaji anayemtaka. Kama fedha zako zinatosha jambo moja tu, kati ya kununua GDNF na kumsaidia mzee mmoja asiuze majike yake ya mwisho ya asili, nenda kwa mzee.

Ukiwa tayari kuanza, anza na ndama watatu wa koo tatu tofauti, vichupa 10 kwa kila mmoja. Juu ya kila kichupa andika kwa kalamu isiyofutika namba ya ndama, tarehe na saa, na katika daftari andika kijiji, rangi, mama yake, mama wa mama yake, na jina la mzee aliyekukubalia. Madaftari yawe mawili, nalo la pili mwachie mzee mwenyewe.